Lenga-lenga ya Udongo wa Mali

Jirani yangu hapa mtaani Kapata alichimba shimo ndani ya lupango lake, pale uani kati ya jiko na choo, akapata kobalti. Mi nilichimba kwangu, nikatoa mawe matupu. Kati yetu ni ukuta mmoja tu, nyumba ni zilezile za kampuni ya migodi, lakini mali ilimchagua yeye. Bibi yake wa ndoa akaanza kuvaa kitenge kipya kila Jumapili. Alikuwa anapita mbele ya mlango wangu polepole, ili nione vizuri. Wivu ulinikaa tumboni kama bukari baridi, ugali wa jana, sifichi.

Udongo wa lile shimo waliurundika kwenye ukuta wetu. Nikamwomba jirani nichukue kidogo kwa bustani. Akacheka.

"Kamata tu, mama. Ile njo udongo ya mali!"

Nikaamini. Udongo uliomnonesha yeye utashindwaje kunonesha lenga-lenga, mchicha wetu wa kila siku? Nikatengeneza matuta, majani yakaota. Binti yangu alikuwa na mimba, na damu yake ilikuwa kidogo, basi nikawa nampikia hayohayo, nikiyaosha vizuri kwenye beseni mpaka maji yanatoka meupe.

Bibi ya jirani hakununua kwangu hata fungu moja. Alipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka soko la Manika kutafuta majani, na yangu yako hapo ukutani! Siku moja kwenye robine, tukichota maji, nikashindwa kunyamaza.

"Mama ya mali! Lenga-lenga ya maskini inanuka?"

Wamama wakacheka. Yeye akatua bidon yake, akanivuta pembeni.

"Mama, bwana yangu njo alinikataza. Ule udongo uko na sumu, majani inaikunywa kwa mizizi. Hata uoshe namna gani, haitoke."

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

"Alisema, yule mama eko na wivu, atawaza tunamunyima."

Muuguzi wa kituo cha afya naye alimwambia binti yangu aache majani hayo mara moja. Mtoto anacheza tumboni, alisema, lakini mambo ya ndani ya damu yeye hawezi kuyaona.

Waliofanya hivi nawajua. Ni jirani, aliyenipa huku akijua. Ni mnunuzi wa mawe ya kobalti, aliyemletea pampu ya kutoa maji shimoni. Ni shefu wa mtaa, aliyekuja kukataza shimo katikati ya nyumba za watu akarudi kwake na kreti ya bia.

Niling'oa matuta yote. Kesho yake bibi ya jirani akaleta fungu la lenga-lenga kutoka Manika, kwa ajili ya binti yangu. Nilitaka kumtupia usoni.

"Mama, tupike?" binti yangu akauliza.

"Pika."

Alikula yote, akapangusa sahani kwa bukari. Mi nilikula bukari yangu na chumvi tu, nikimwaza kwa wivu yule mwanamke: anachagua majani sokoni kama anachagua kitenge, na hakuna kinachomtisha.