Picha Niliyopiga na Shemeji

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mlowo, maana wao wakiisimulia wananifanya mbaya kuliko nilivyokuwa, na nilivyokuwa kwenyewe kulitosha.

Nilikuwa na rovu. Uvimbe huo wa shingo sisi wa Mbozi tunaujua, ila wangu ulifikia mahali nikipanda kilima kidogo tu nahema kwa mlio kama pampu ya baiskeli, na shingo nilikuwa naificha kwa skafu hata kwenye jua kali. Mume wangu Lazaro alikuwa mgodini Zambia, na mgodi ule ulikuwa na hospitali yake: mke wa mfanyakazi, hata kama hana kazi yoyote, anatibiwa na kupasuliwa bure, mradi jina lake liwe kwenye faili la mumewe. Lazaro akaniandikia barua. Niliisoma nimesimama, maharage yako motoni, na mwisho wa ukurasa nikaona wanataka barua ya mchungaji na picha ya mke na mume. Nikaikunja.

Sasa mume yuko Zambia, likizo hana, na sisi hata siku ya harusi hatukupiga picha (mpiga picha alikwama kwenye matope). Hapo ndipo nilipojiharibia, nikafikiri kwamba shemeji yangu Samweli, mdogo wake Lazaro, amefanana naye mpaka masikio. Samweli akakataa siku mbili. Alikuwa amemchumbia Esta, binti wa Mzee Nzowa, mzee wa kanisa letu.

"Shemeji, picha inakwenda Zambia," nikamwambia. "Nani ataiona?"

Siku ya tatu alinisikia ninavyohema, akavaa koti la kaka yake.

Tulikwenda Tunduma makusudi, tusijulikane. Mpiga picha, Bwana Shabani, mtu wa Kondoa, akatusimamisha mbele ya pazia lililochorwa ndege.

"Bwana, msogelee mkeo, haumi."

Samweli akasogea hatua ambayo haikuonekana.

"Mwekee mkono begani."

Akauweka kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Tukatoka vizuri sana, na huo ndio ukawa mkosi, kwa sababu Bwana Shabani (hatukumwambia asifanye, naye hakutuuliza) aliikuza ile picha, akaitundika mlangoni kuvutia wateja, na chini akaandika kwa wino mwekundu: MAARUSI WA MWEZI.

Kipindi kile sabuni ilikuwa haipatikani huku, watu wakaifuata mpakani, huko huko Tunduma. Mzee Nzowa naye akaifuata. Alirudi na sabuni miche miwili na picha yetu, ambayo Bwana Shabani alimuuzia kwa roho safi.

Jumapili baada ya ibada, watu bado wamejaa uani, akamfuata mchungaji na kuitoa kwenye mfuko.

"Mchungaji," akasema kwa sauti ya kawaida, "hawa umewafungisha lini?"

Picha ikapita mkono kwa mkono. Esta aliishika muda mrefu kuliko wote, akaipitisha. Mama mkwe akakaa chini kwenye nyasi. Samweli alikuwa anatazama viatu vyake, kwa hiyo ikabidi niseme mimi, nikaeleza mgodi, nikaeleza hospitali na faili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama naongopa, mwisho nikaona maneno hayatoshi, nikavua skafu. Miaka minne sikuwa nimeivua mbele za watu.

Esta akanisogelea, akaangalia.

"Dada, inauma?"

"Kumeza ndiko kunasumbua."

Mchungaji akaomba kuiona barua ya Lazaro. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nikampa kwa fahari kabisa, ndio ushahidi wangu. Akaisoma kwa sauti: "Wanataka barua ya mchungaji na picha ya mke na mume," akageuza ukurasa, "atapeleka kitambulisho chake cha kazi mwenyewe huku huku."

Lazaro si mtu wa kuweka koma. Na mimi sikuwa nimegeuza ukurasa.

Wengine walicheka mpaka wakashika ukuta wa kanisa. Mzee Nzowa hakucheka. Akamgeukia Samweli.

"Na wewe ukakubali."

"Alikuwa hahemi vizuri, mzee."

Mzee akairudisha picha mfukoni. Uchumba haukuvunjika, ila harusi ilisogezwa mpaka baada ya mavuno ya kahawa, na mimi nikakatazwa kusimama karibu na bwana harusi kwenye picha yoyote.

Mchungaji akaniandikia barua yake, na ile picha ya kwanza nikaiacha bila kuituma; nikarudi Tunduma, nikapiga yangu peke yangu, shingo wazi. Bwana Shabani akaniuliza, "Bwana hajambo?" Nikamjibu yuko kazini, na huo haukuwa uongo.

Kule mgodini karani aliichukua ile picha, akaibana kwenye faili kichwa chini miguu juu bila hata kuitazama, akanielekeza chumba cha daktari. Nilipasuliwa, nikapona, kovu mnaliona. Na nimeapa, barua ya mume sitaisoma tena nimesimama.