Mlango wa Mayatima

Muhogo uliomenywa na kuanikwa juani una harufu ya uchachu isiyotoka mikononi hata ukisugua kwa ndimu. Mimi nilikaa na harufu hiyo wiki nzima, mwaka ule iliposemwa kwamba homa ya mafua inakuja Pemba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya mkarafuu, mama akamfuata baada ya mwaka, na mimi, mkubwa wa watoto watatu, nilikwishaacha skuli darasa la nne ili niwalee wadogo zangu. Hamadi alikuwa na miaka tisa, Khatibu minne. Tulikaa Pujini, katika nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba viwili na ua nyuma.

Habari aliileta bwana afya kutoka Chake Chake, aliyekuja kwa baiskeli siku ya Ijumaa akasema na watu baada ya sala. Wanawake tulimsikiliza tukiwa nje ya ukuta wa msikiti. Alisema ugonjwa huu unapita kwa pumzi na kwa mikono, watu wasinywe maji kwa kata moja, na mwenye kifua kibovu awekwe ndani, asikaribiwe na mtu wa nje mpaka homa ipite. Alisema taratibu, bila kututisha, akapanda baiskeli akaenda kijiji kingine. Mimi niliyashika maneno ya kifua. Khatibu alikuwa na pumu. Masika yaliyotangulia, mafua ya kawaida tu yalimfanya avute pumzi kwa mlio wa mvukuto siku tatu, nami nimempakata kwa sababu akilala chali alikuwa hapumui. Nilijua homa hiyo ikiingia kwetu, atakayekwenda ni yeye.

Nikajitayarisha. Nilichimba muhogo alioupanda mama, nikaukata vipande na kuuanika juu ya jamvi uani mpaka ukawa makopa, ambayo hukaa miezi bila kuharibika. Hamadi nilimtuma pwani na nazi, akarudi na papa mkavu. Tulijaza mitungi miwili, na kila mmoja nikampa kifuu chake cha kunywea. Habbasoda niliisaga nikaichanganya na asali kwa ajili ya kifua cha Khatibu. Kuni nilizipanga mpaka zikagusa makuti. Ilipofika Jumatano nilikuwa na nyumba inayoweza kukaa mwezi mzima bila kumwomba mtu chumvi, nami nilidhani kazi imekwisha.

Nilichosahau ni kwamba sisi tulikuwa mayatima. Balaa ikikaribia, watu wa kwetu hutoa sadaka, na sadaka hutangulizwa kwa yatima. Tena huamini kwamba anayempangusa yatima kichwa hupata thawabu kwa kila unywele uliopitiwa na mkono wake. Basi Alhamisi asubuhi wakaanza kuja, huyu na uji, yule na visheti, na kila mmoja akataka vichwa vyetu. Hadi adhuhuri walikuwa wamefika watu kumi na mmoja, wawili wao wakikohoa. Nyumba niliyoitayarisha kujitenga ikawa ndiyo nyumba inayoguswa kuliko zote kijijini. Mimi na Hamadi tuliinamisha vichwa. Khatibu nilimficha chumba cha ndani. Alasiri nikatia komeo, nikakaa barazani, na kila aliyekuja nikamwomba aweke bakuli pale kisha aende zake.

Wengi walicheka, wakasema nimeacha skuli lakini skuli haikuniacha. Bi Mize hakucheka. Alikuwa jirani yetu na mkunga. Ndiye aliyemzalisha mama na ndiye aliyemwosha alipokufa. Alikuja na bakuli la wali wa nazi, akasimama mbele yangu.

"Leo umekuwa bwana afya? Baiskeli yako iko wapi?"

Nikamweleza habari ya kifua cha Khatibu.

"Mtoto huyo nimempokea mimi, kwa mikono hii. Leo ina sumu?"

"Haina sumu, Bi Mize. Lakini haingii mtu."

Aliweka bakuli chini, akajifunga kanga yake vizuri. "Basi kaa nao. Na kwangu usije."

Homa ilifika baada ya siku chache. Tulisikia kikohozi kutoka nyumba hadi nyumba, na wazee wawili wakazikwa. Kwetu hakuugua mtu. Siku ya tisa tangu nitie komeo, Hamadi alisikia watu wakisema nje ya ua kwamba Bi Mize yu taabani. Kwetu mzee akiondoka na kinyongo juu yako, hakuna wa kukiondoa baada yake. Nilijiambia nitasimama mlangoni kwake tu, lakini radhi haiombwi kwa mbali. Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake uliokuwa wa moto, nikaubusu.

"Nimekuwia radhi," alisema. "Rudi kwa mtoto."

Siku ya tatu baada ya kutoka kwake nilianza kutetemeka kwa homa. Siku ya tano akaanza Khatibu. Nilikizuia kijiji kizima, kisha homa nikaileta mwenyewe. Hamadi ndiye aliyetupikia makopa na kututekea maji, na hapo ndipo matayarisho yangu yalipotufaa. Khatibu alivuta pumzi kwa shida siku sita, midomo ikigeuka rangi. Siku ya saba aliomba papa. Bi Mize naye alipona.

Miaka ya karibuni, maradhi ya kifua yalipokuja tena, kila nyumba iliweka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, na aliyeambiwa asiingie hakuona kuwa amedharauliwa. Watu waliombana radhi kwa simu. Khatibu, ambaye sasa ni mzee wa Wete mwenye wajukuu, alinipigia, tukasameheana, tukakata. Ni salama zaidi, sibishi. Wajukuu zangu huniuliza kama nilikosea kwenda kwa Bi Mize. Nawaambia nilikosea, kwa sababu kifua nilichokihatarisha hakikuwa changu. Wakiniuliza kama leo ningebaki ndani, nawaambia ningekwenda.