Mwiba wa Mlimau

Natamani ningeukataa mwiba wa mlimau siku shangazi, aliyetulea, aliponiamuru nimtoboe dada yangu Koku chunusi. Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, yeye kumi na sita, na nyumba yetu ya Kanazi ilinukia senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Enzi hizo wanawake waliwakamata senene, wakawanyofoa mabawa, wakawakaanga, lakini kuwala kulikuwa mwiko kwao. Basi senene aliowekewa baba walipopungua chunguni, na uso wa Koku ukawa umejaa chunusi, shangazi hakutafuta ushahidi mwingine.

"Mafuta ya wizi hayakai tumboni," alisema. "Tazameni, yanatokea usoni!"

"Shangazi, sijala hata mguu mmoja."

"Na huo mng'ao umeuazima wapi?"

Majirani waliokuja kutazama wakacheka. Aliyekula ni mimi. Nikauchukua mwiba, kwa sababu anayetumwa kuadhibu hashukiwi. Koku alikaa kwenye kigoda penye mwanga wa mlango, hakulia. Kila nilipokamua, shangazi alipaka maji ya limau na chumvi.

Baada ya siku chache uso ulivimba ukatunga usaha, nasi tukampeleka zahanati. Muuguzi alieleza kwa upole kwamba chunusi ni za umri: ngozi ya kijana hutoa mafuta mengi, vitundu vyake vikaziba. Haziletwi na wizi wala uchafu. Huoshwa taratibu kwa maji na sabuni isiyo kali, wala hazitobolewi, maana kutoboa huacha makovu. Shangazi aliitikia, akarudi nyumbani na imani yake ileile.

Njiani nilimwambia Koku ukweli. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijua wakati unanitoboa?" Nikajibu ndiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye akatangulia mbele, akaniacha nyuma.

Siku hizi wajukuu zangu wa kike pale Buhembe wanatafuna senene sebuleni mbele ya wanaume, na hakuna anayegeuka. Ila chunusi bado wanazipaka dawa ya meno na limau, kwa kuwa wameona kwenye simu. Nawakataza, wananiita babu daktari. Koku anaishi Muleba, si mbali kwa basi. Makovu anayo mpaka leo. Tukikutana msibani hunisalimia kwa adabu, kama mgeni, kisha huhamia mkeka mwingine. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, na kwa kunyamaza siku ile nilimpoteza.