Nilivyoenda Karate na Hasira

Wiki ile shemeji yangu alipong'oa mibuni ya marehemu mume wangu, kuonyesha kwamba shamba limerudi kwa ukoo, nilienda mazoezini kama kawaida. Watu walishangaa. Walitaka nikae ndani nilie. Nilikwisha kulia msibani. Safari hii nilitaka kupiga mtu.

Karate tulifanyia katika ukumbi wa parokia, hapa Mbinga mjini. Mwalimu wetu, fundi cherehani mzaliwa wa Mbamba Bay, alinipanga na mwenye duka mmoja, mtu wa swala tano ambaye hajawahi kunikosea. Nikamvamia. Kila nilipomtazama usoni nilimwona shemeji na jembe lake, nikarusha ngumi ovyo. Yule bwana alikwepa, akanigusa mbavuni, tena na tena, kwa upole uliozidi kuniudhi. Mwishowe nikateleza, nikaangukia kiwiko.

Mwalimu hakuninyanyua. Aliniuliza, "Mama, unapigana na nani?"

Nikamwambia anamjua. Akasema huyo hayumo humu, na aliyemo ananipiga atakavyo. Nilimchukia siku hiyo. Ni rahisi kuhubiri utulivu wakati shamba si lako. Hata hivyo nilifuata alichonielekeza: niache uso, nitazame mabega, maana bega hutangulia ngumi, nisikilize pumzi yangu, na akili ikitoroka kwenda shambani, niirudishe bila kujigombeza. Ilitoroka mara nyingi mno. Niliirudisha nikisaga meno.

Baraza la ardhi lilipotuita, shemeji alikuja amevaa shati la kanisani. Alisema mbele ya wazee kwamba mimi ni mchawi, nilimla kaka yake ili nibaki na shamba. Alinichokoza nipige kelele, waseme mwanamke huyu hana adabu. Akili yangu ilianza kutoroka. Nikairudisha. Nikajibu nilichoulizwa na si zaidi: nani alipanda, mpaka uko wapi, majirani gani walishuhudia.

"Shamba ni la mama huyu na watoto wake," mwenyekiti alisema.

Baadaye watu walinipongeza kwa kusamehe. Nani kasamehe? Miche niliyopanda upya itachukua miaka kuzaa, na mtu yule hunisalimia baada ya misa kana kwamba alivunja kikombe tu. Namwitikia kwa sauti tulivu kabisa. Moyoni nawaka.