Bakuli la Mzazi

Baada ya kumzika mume wangu, tulibaki wawili nyumbani Uru, mimi na mama yake, bibi wa watoto wangu. Watoto walirudi bweni. Mimi nikarudi kwenye masomo yangu ya jioni mjini, nikawa nakaa darasani na kuandika kilichopo ubaoni.

Asubuhi nilimpa bibi uji. Mchana chai na mkate. Kabla sijashuka mjini, uji tena. Nilipika kama mtu anayefagia uwanja, mikono inakwenda tu. Niliona natenda vema, maana bibi hana meno, nyama angeitafunaje? Naye hakulalamika. Tulishukuru, tukasema amina, akanywa.

Ikapita miezi mitano hivyo. Jumapili moja, kwenye ngazi za kanisa, miguu ilimkataa. Nilipomshika kwapani nikakuta mifupa.

Kesho yake nesi wa zahanati alimzungushia utepe mkononi, akampandisha kwenye mzani.

"Mama, bibi anakula nini?"

Nikamtajia.

"Na nyama? Maharage? Hata yai?"

"Hana meno, nesi."

"Meno hana, mwili anao. Mzee akikosa vyakula hivyo nguvu zinamwisha upesi. Ponda, twanga, lakini ale. Mrudi baada ya wiki mbili. Akipungua tena, namwandikia akalazwe hospitali."

"Silazwi," bibi akasema. "Mwanangu alilazwa."

Mwanawe tulimtoa huko ndani ya sanduku.

Nikanunua nyama. Niliichemsha mpaka ikaachana, nikaitwanga kwenye kinu, nikaiponda pamoja na ndizi, nikatia maziwa. Bibi alilitazama bakuli.

"Mtori huu ni wa mzazi. Na umri huu nimezaa nini mimi?"

"Pacha," nikamwambia.

Akacheka kidogo kwa pua. Huku kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu akilishwa mtori, na kwa watoto wangu wote watatu aliyenilisha ni yeye. Alikuwa anasimama pale mlangoni na fimbo, mimi nimeshiba mpaka shingoni, naye anasema, "Bakuli halitoki na kitu." Sasa nikasimama mimi.

"Bakuli halitoki na kitu, bibi."

"Umejifunza ukatili."

"Kwako."

Siku ya kwanza alikula vijiko sita, ya pili vinane. Asubuhi nilimpondea yai kwenye parachichi, akasema ni chakula cha watoto, akala. Mimi nilisimama na kijiko. Niliomba kwa maneno yale yale ya kila siku, sikuhisi kitu, nikaomba tena.

Wiki mbili zilipotimia mzani ulikuwa umepanda nusu kilo.

"Hongera, bibi! Hospitali huendi."

Nilisubiri nifurahi. Nikaanza kumfunga kanga.

"Mpime na huyu," bibi akamwambia nesi.

"Mimi siumwi," nikasema.

"Ananisimamia na kijiko, yeye analamba mwiko. Mpime."

Nikavua viatu, nikapanda. Kabla ya msiba nilikuwa kilo sabini. Mzani ulisema hamsini na nane. Nesi aliutazama, akanitazama, akachukua kadi mpya.

"Na wewe, mama, wiki mbili."

Siku hiyo sikwenda darasani. Bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, fimbo magotini, akanisubiri nipakue. Nikaweka bakuli moja mbele yake.

"La pili liko wapi?"

Nikaleta la pili.

"Anza wewe."

Nilikula. Sikusikia chumvi, sikusikia nyama, nilisikia joto tu likishuka. Nilipoweka kijiko chini, bibi aliinama akachungulia ndani ya bakuli langu, akaelekeza kidole pembeni.

"Hapo."

Nikakwangua.