Kesi ya Kipara na Ndevu

Umeme ukipotea hapa Kakamega mjini, kinyozi aliye chini ya nyumba yangu huwasha jenereta, na harufu ya petroli hupanda mpaka dirishani kwangu. Majirani hufunga madirisha. Mimi huvuta pumzi. Harufu hiyo hunirudisha Malinya, Jumamosi mchana, kwenye kibanda cha video chenye kuta za magunia ya sukari, nikiwa na miaka kumi na miwili na miguu myeupe kwa vumbi, nikingoja wazungu wawili waliovaa chupi waanze kupigana.

Chekeni, sijali. Mimi ni mama wa watoto watatu na mkalimani wa mahakama. Kila siku ya kazi natafsiri maneno ya mashahidi bila kuongeza wala kupunguza, kama nilivyoapa. Lakini ukinikuta nyumbani Jumamosi, utanikuta nimekaa mbele ya mieleka na sahani ya njugu, napiga kelele, na simu yangu siishiki hata apige nani.

Kibanda kile kilikuwa na kanda nne tu. Ile tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa imechezwa hata mstari mweupe ukawa unapita katikati ya kioo kila mara, palepale ambapo mtu mmoja mwenye kipara anamnyanyua mwenye ndevu na kumbwaga. Majina yao halisi hatukuyajua. Tuliwaita Kipara na Ndevu. Tulikaa kwenye mabenchi yaliyotupwa na kanisa, tumebanana, huyu anatafuna muwa, yule mahindi ya kuchoma, na jenereta inanguruma nyuma ya gunia.

Shida ilikuwa Kiingereza. Watangazaji wa kwenye kanda walizungumza mbio, tena kwa pua, na watu wa kwetu hawakuwa tayari kutazama ugomvi wasioujua chanzo chake. Ndipo Baba akapewa kigoda chake kando ya televisheni.

Lazima mumjue Baba kwanza. Kwetu kuna viwanja vya kupiganisha mafahali, na Baba ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya fahali asubuhi ya pambano, ngoma za isukuti zikimfuata nyuma, akimsifu huyu na kumsengenya yule mpaka mama yake mzaa mama. Sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Walimwita Redio. Kiingereza chake kilikuwa "yes", "no" na "thank you", lakini hilo halikumzuia kutafsiri.

"Anasema hivi," Baba alikuwa akianza, huku amenyanyua kidole. "Anasema Kipara ni mtu wa Malava, na huyu Ndevu anatoka Navakholo. Kipara alioa dada ya Ndevu. Akaahidi ng'ombe sita ya mahari. Mpaka leo amepeleka ngapi? Mbili! Na moja ilikuwa inachechemea!"

Kibanda kilivuma. Wanawake waliguna, wazee walitikisa vichwa, na waliokuja kwa mguu kutoka upande wa Navakholo walisimama kumtetea ndugu yao aliyedhulumiwa. Ndevu akipigwa, hakukosekana mtu wa kulia. Akitoka ulingoni kupumua kidogo, nusu ya kibanda ilipaza sauti, "Amekimbia! Amekimbia!" maana kwetu fahali akigeuza kisogo mambo yamekwisha, na hakuna anayengoja mwamuzi. Mara nyingi isukuti zilianza kupigwa nje kumshangilia mshindi ambaye, kwa hesabu ya kanda, alikuwa ameshindwa. Hatukuona tatizo lolote hapo.

Aliyeona tatizo alikuwa Karani. Huyu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, shati jeupe, kalamu mfukoni, Kiingereza kimenyooka. Alikaa benchi la tatu, pembeni, na kazi yake ilikuwa kumpinga Baba. "Hakuna ng'ombe hapo, Redio! Mzungu anasema tu kilo ya huyo mutu!" Watu walimzomea. Wapo waliomtupia maganda ya miwa. Karani alipangusa shati lake taratibu na Jumamosi iliyofuata akarudi benchi lilelile. Tulimchukia kwa moyo wote, na sisi watoto tulikubaliana kwamba akifa hatutakula chakula cha matanga yake.

Mwaka huo nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi, na Kiingereza nilikuwa nimeanza kukishika barabara. Mkiniuliza ni lini nilijua kwamba Baba anatunga, sitawaambia siku, kwa sababu halikuja kwa siku moja. Neno moja liliingia sikioni, kisha lingine, mpaka Jumamosi fulani nikasikia sentensi nzima kuhusu uzito na urefu wa Kipara wakati Baba akieleza habari za ng'ombe anayechechemea. Tazama, Karani ndiye aliyekuwa akisema kweli! Nilimtazama Baba akipangusa jasho na kucheka, nikaomba Mungu pasiwe na mtu mwingine atakayesoma Kiingereza Malinya yote.

Na nyumbani kulikuwa na neno. Baba alitaka kuuza fahali wake ili nipelekwe sekondari ya bweni. Baba zangu wadogo wawili hawakutaka kusikia. Fahali yule alikuwa jina la ukoo, walisema, na msichana ni wa kuolewa, atakwenda na hicho Kiingereza chake kwa watu wengine. Baba hakubishana nao. Alisema tu, "Tutaona," na kila Jumamosi wadogo zake hao walikaa benchi la mbele kumsikiliza.

Basi siku moja kanda ya Kipara na Ndevu iliwekwa tena, na Baba akanyanyua kidole. "Anasema hawa wawili wanapigania mpaka ya shamba. Kipara aling'oa miti ya mpaka akaingia hatua kumi kwa miwa ya Ndevu."

Karani alisimama. Sijamsahau alivyosimama.

"Redio! Jumamosi ile ulituambia ni ng'ombe ya mahari. Leo ni mpaka ya shamba. Kanda ni ile ile moja! Hii maneno yako inatokanga wapi?"

Nilingoja Baba amjibu kwa ile mizaha yake. Alifungua kinywa, akakifunga, akatazama chini. Sikuwahi kumwona Baba akikosa neno.

"Mtoto wake yuko hapa," Karani akasema. "Anasomanga Kiingereza. Simama, Mmbone. Sikiza huyo mzungu, halafu uambie watu amesema nini."

Nilisimama. Mwenye kibanda akarudisha kanda nyuma kidogo, mtangazaji akasema maneno yake, nami nikayasikia yote, waziwazi kama mtu anayeniita kwa jina. Alisema kwamba Kipara amekuja kulipiza kisasi, na kwamba ana uzito wa kutisha. Basi. Sekunde chache tu, na heshima ya baba yangu ilikuwa mdomoni mwangu. Mama alikuwa amenilea kanisani. Uongo niliuogopa kuliko nyoka. Niliwatazama baba zangu wadogo. Nikamtazama Baba, naye alikuwa akinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, kana kwamba ananisukuma niseme.

"Baba amesema sawa," nikasema. "Ila amefupisha. Kesi ni mbili. Ya kwanza ni ya mahari, hiyo alituambia Jumamosi ile. Kipara aliposhtakiwa akakasirika, ndiyo akang'oa miti ya mpaka. Leo wameitwa kwa kesi ya pili."

Kibanda kililipuka. Isukuti zilianza hata kabla ya pambano. Baba mdogo mmoja alisimama juu ya benchi, nalo likavunjika, naye akiwa palepale chini akapaza sauti, "Huyu si mtoto, huyu ni wakili! Huyu asomeshwe, atatuokolea mashamba!" Karani aliketi, akapangusa shati. Nilijiona nimemwangusha mbele ya watu wote, nami nilifurahi sana, msinihukumu.

Njiani kurudi nyumbani Baba alitembea mbele kwa muda mrefu. Jua lilikuwa bado juu. Tulipofika darajani akasimama.

"Umeharibu, Mama," akasema. Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilidhani anasema juu ya uongo. Nikaanza kulia, nikamwambia nisingeweza kumwaibisha. Hakunikemea. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Sasa niambie. Wanasemanga nini kweli?"

"Wanasema anakuja kulipiza kisasi."

"Kisasi ya nini?"

"Hawasemi, Baba."

"Unaona?" Uso ukamchangamka. "Wamesahau kuweka sababu. Mutu hawezi kutoka Navakholo kwa mguu kuona watu wawili wanapigana bure bure."

Fahali aliuzwa mwezi uleule. Nikaenda sekondari, na kila likizo nilikaa kando ya kigoda cha Baba, namnong'oneza mzungu alichosema, naye anakipeleka anakotaka yeye.

Leo mwanangu wa mwisho anatazama mieleka kwenye simu. Anajua nani atashinda kabla kengele haijalia, kwa sababu mtu fulani ameshaandika mahali fulani. Mieleka ya siku hizi nina kesi nayo. Wanaongea kuliko wanavyopigana. Taa ni nyingi hata humwoni mtu. Mikanda ya ubingwa imekuwa mingi kuliko viuno. Lakini sitakuwa mzee wa kusema kila cha zamani ni dhahabu: zamani mwanamke aliletwa ulingoni kubeba koti la mwanamume, na leo pambano kubwa la kufunga usiku hupiganwa na wanawake wenyewe, nami husimama na kupiga makofi mpaka viganja viume. Kinachoniudhi hasa ni bingwa asiyetaka kushindwa. Mwanamieleka mkubwa wa zamani, akiona nguvu zinamtoka, alikubali kulala chini ahesabiwe tatu, ashindwe, ili chipukizi ainuke. Wa leo anashikilia mkanda mpaka nywele zimwishe. Na wanaonicheka wakisema, "Lakini mieleka ni uongo, si wanapanga?" nimezoea kuwajibu kwamba hata harusi hupangwa na watu hulia.

Baba ametutoka miaka kadhaa sasa. Karani bado yuko, macho yamefifia, anatembea na fimbo. Alikuja kunijulia hali mwezi uliopita, nikampa chai, na kwa kuwa mwanangu alikuwa na mieleka yake pale, tukaangukia habari za kibanda. Nikamwomba msamaha kwa ile siku. Karani alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mimi na babako tulikuwa tunakunywanga chai kila Ijumaa," akasema. "Tunapanga. Mimi nitapinga wapi, yeye atanijibu nini. Watu wasipokuwa na mutu wa kuchukia, hawarudi."

"Na siku ile uliyoniita?"

"Siku ile ilikuwa yako. Aliniambia, 'Karani, kesho niangushe. Nibane mpaka nikwame, halafu uite Mmbone. Aseme Kiingereza mbele ya ndugu zangu. Wakiona msichana amemshinda Redio, wataacha fahali iuzwe.' Alikuwa amelala chini tayari, mama. Ulikuwa umebakisha kuhesabu tatu tu. Wewe ukamwinua!"

Nikayakumbuka maneno ya darajani. Umeharibu, Mama. Miaka yote hiyo nimejivuna kwamba niliokoa heshima ya baba yangu, kumbe mwenyewe alikuwa ameiweka chini kwa hiari, mbele ya Malinya nzima, niikanyage nipande. Macho yale yalikuwa yakinisukuma kweli. Katika kibanda kile kila kitu kilikuwa kimepangwa, isipokuwa mimi.

"Alikasirika?" nikauliza.

"Alikuja kwangu akicheka na kulia. Akasema, 'Nilitaka waone anajua Kiingereza. Sasa wameona ana akili.'"

Nikajifuta uso kwa leso. Nimetazama mabingwa wengi, nawaambia, wa zamani na wa sasa, na sijaona aliyelala chini vizuri kumshinda baba yangu.

Kwenye simu kengele ililia. Watu wawili walikuwa wakizungukana ulingoni, na mtangazaji akaanza kubwata kwa pua. Karani aliinamisha sikio.

"Sioni," akasema. "Hao wanapigania nini?"

Mwanangu alifungua kinywa kumwambia. Nikamzuia kwa mkono. Mimi, mkalimani niliyekula kiapo, nilisogeza kiti karibu na simu, nikanyanyua kidole.

"Anasema hivi. Anasema huyu mrefu ni mtu wa Malava. Aliahidi ng'ombe sita ya mahari."

Karani aligonga fimbo yake sakafuni kwa nguvu zake zote.

"Uongo!" akasema. "Jumamosi ile mlisema ni mpaka ya shamba!"