Kitambaa cha Mimbari

Jumamosi ile kanisa letu la Makongeni lilikuwa tupu, mimi na mjukuu wangu tu. Yeye ndiye aliyeweka mitambo ya sauti, msichana wangu huyo, na kesho yake wazee wa kanisa wangekuja kuipokea au kuikataa. Mimi nilikuwa natandika mimbari kitambaa nilichofuma kwa mkono, kazi yetu kina mama.

Akafungulia wimbo wa kwaya. Mara sauti ikazama, kama waimbaji wamezibwa midomo.

"Cucu, nani amewasha maiki ya mimbari?" akaniuliza mimi bibi yake.

"Wa kuiwasha alikuwa pasta wetu mzee, na tulishamzika."

Akanionyesha kompyuta. Alikuwa ameipanga hivi: ukibonyeza kitufe cha maiki pale mimbarini, taa ya kijani inawaka kwenye skrini, na taa hiyo ndiyo inayoamuru sauti ya kwaya ishuke ili mhubiri asikike. Taa ilikuwa imewaka. Mimbari haikuwa na mtu. Tukasikiliza spika zikipumua, nywele zikanisimama.

"Wakisikia hivi kesho, cucu, watasema nimewaletea mizimu."

Nikaenda mimbarini. Kitambaa nilikuwa nimekivuta sana, upindo wake mzito umelala juu ya kitufe. Nikakiinua. Kwaya ikarudi kwa nguvu, nikaruka.

Jumapili mimbari ilikaa uchi mbele ya kanisa zima. Walioniuliza niliwaambia kitambaa changu ndicho kibaya, si mtambo wa mjukuu wangu. Sikuwaambia kwamba kabla ya kukiinua nilinong'ona, "Pasta, sema basi."